Viti Vingi, Kodi Nyingi

Jumapili moja, kisha Misa, mama mmoja wa parokia yetu alitungoja mlangoni mwa kanisa. Ni mama wa soko. Kila juma hutoka kijijini na magunia ya unga wa mihogo juu ya baisikeli, akayapeleka mjini. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ndogo ndogo, akaziweka moja moja mkononi mwetu. Tulizihesabu: zilikuwa tano. Moja ya soko, moja ya chifu, moja ya barabara, moja ya usafi, na ya tano haikuwa na muhuri wala jina la ofisi. Tena akatuambia ya kuwa pahali pa sita alilipa bila kupewa karatasi yoyote.

Kisha akauliza: «Mwalimu, kuna njia ya porini inayozunguka barieri. Nikipita pale usiku na unga wangu, je, ni zambi?»

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atungoje, kwa maana ulizo lake halikuwa dogo, na jibu la haraka lingekuwa jibu baya. Tangu siku ile tumefikiri, tumesoma, tumewauliza watu wenye akili kuliko sisi. Leo tunajaribu kujibu hapa, mbele ya wasomaji wote, kwa sababu tunajua ya kuwa si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza tuseme wazi, ili mtu asitushike vibaya: kodi yenyewe si kitu kibaya. Watu wanaokaa pamoja wana mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya. Mtu mmoja hajengi daraja la mto. Mtu mmoja hafukuzi wanyang'anyi barabarani, wala hawezi kumlipa mganga wa hospitali kila mwezi. Basi kila mtu atoe kidogo, ili wote wapate kikubwa. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 65, inasema ya kuwa kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi zake. Mtaguso wa pili wa Vatikano nao, mwaka 1965, uliwakemea wale wanaotumia hila ili wasilipe kodi za haki. Mkristu anayedai barabara, askari na shule, lakini hataki kutoa hata franka moja, anawaibia jirani zake.

Hayo ni kweli. Lakini juu ya nini neno «kodi» likitamkwa kijijini, wababa wananyamaza na nyuso zinafungwa? Kwa sababu neno hilo limetembea njia ndefu kabla ya kutufikia. Wakati wa Bula Matari wa mfalme Leopold II, kodi ilikuwa mpira na kazi za mikono. Sheria ya mwaka 1903 iliandika ya kuwa mtu ataifanyia serikali kazi ya saa 40 kila mwezi. Porini watu wengi walifanya zaidi sana, kwa maana kikapu cha mpira hakikujali saa. Ubelgiji ilipokwisha kuichukua inchi mwaka 1908, ilileta kodi ya feza tangu mwaka 1910. Mtu alipaswa kuacha shamba lake na kutafuta kazi ya mshahara, ao kuuza mavuno yake kwa bei aliyopangiwa, ili apate feza ya kodi. Tena uhuru ulipokaribia, mwaka 1960, wanasiasa wengine waliwaahidi watu ya kuwa kodi itakwisha kabisa. Watu waliamini. Ahadi ile haikuweza kutimia, kwa maana hakuna serikali isiyo na kodi.

Basi babu zetu waliona kodi inayotoka, lakini hawakuona inayorudi. Maji ya mto hupanda yakawa mawingu, nasi hatulalamiki, kwa sababu tunajua yatanyesha. Wingu lisilonyesha lina faida gani kwa mkulima?

Sasa tuangalie viti, kwa maana tunaona ya kuwa kodi na viti ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1960 Kongo ilikuwa na majimbo 6. Katika miaka ya 1962 na 1963 wanasiasa waliyagawanya, yakafika 21. Kila jimbo jipya lilitaka serikali yake, mawaziri wake na motokari zake. Mwaka 1966 Mobutu aliyapunguza, kwanza yakawa 12, kisha 8 pamoja na mji mkuu. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu, ndiyo Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na hesabu ikawa 11, Kinshasa ikiwamo. Katiba ya mwaka 2006 ikaandika majimbo 26, na mwaka 2015 jambo lile likatendeka. Katanga peke yake ilitoa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Sababu waliyotupa ilikuwa nzuri, wala hatuicheki. Inchi yetu ni kubwa sana. Mtu wa Kalemie aliyekuwa na neno kwa gavana wake alipaswa kufika mpaka Lubumbashi, na ile ni safari ya siku nyingi kwa mtu asiye na feza ya ndege. Walisema: serikali itawakaribia raia. Sisi wenyewe tulipiga makofi.

Lakini tuhesabu, kama vile mama wa soko anavyohesabu. Katiba, kifungu cha 198, inaruhusu kila jimbo kuwa na mawaziri wasiozidi 10. Majimbo 11 yangeweza kuwa na mawaziri 110. Majimbo 26 yanaweza kuwa na mawaziri 260. Tuongeze magavana 26, makamu wao 26, na mabunge 26 ya majimbo pamoja na wabunge wao wote. Tena waziri hafiki peke yake. Anakuja na mkuu wa ofisi yake, washauri, makarani, dereva na walinzi. Huko Kinshasa kuna wabunge 500 wa taifa na maseneta zaidi ya 100, na serikali iliyotangazwa mwezi wa tano mwaka 2024 ilikuwa na watu 54. Hawa wote wanakula. Hatusemi ya kuwa kazi yao haina maana. Tunasema tu ya kuwa kabla ya daraja kupata msumari mmoja, kiti kimekwisha kula.

Ni kweli, serikali imetukaribia. Lakini kilichotangulia kufika ni kiti. Hospitali na barabara vimebaki nyuma, na mahali pengi havijafika hata leo.

Walioandika katiba hawakusahau chakula cha majimbo. Kifungu cha 175 kinasema ya kuwa 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nao wayakate pale pale yanapokusanywa. Neno hilo halijafuatwa kama lilivyoandikwa. Feza hupanda Kinshasa zote, kisha hurudi chache, na zinachelewa. Basi gavana ana kiti, lakini sanduku lake ni tupu. Mawaziri wake wanangoja, makarani wanangoja, na watu wa nyumba zao wanangoja. Atafanya nini? Atatafuta feza pale mkono wake unapofika.

Hapa ndipo zile karatasi tano zinapozaliwa. Kampuni kubwa ya shaba ina lango la chuma na mawakili wanaojua sheria. Baisikeli ya mama haina lango. Mkono mfupi hufika kwa mnyonge tu. Ndiyo sababu kamba inafungwa barabarani, kijana anawekwa penye kamba, na yeye mwenyewe mara nyingi hajalipwa mshahara. Anakata karatasi moja kwa ofisi, na nyingine kwa tumbo lake. Mama hawezi kujua ni ipi na ni ipi.

Msomi mmoja atatupinga. Atasema: «Mnakosea. Serikali ya Kongo inakusanya feza kidogo sana, ukilinganisha na utajiri wa inchi. Kodi si nyingi, ni chache.» Anasema kweli juu ya sanduku la serikali. Lakini maneno yake hayamshitaki mama, yanamtetea. Mama amelipa mara sita katika njia moja, na sanduku la serikali limebaki jepesi. Basi feza zake zimeshukia wapi? Kodi inaweza kuwa nzito kwa mtoaji na nyepesi kwa serikali, kama mtungi uliotoboka unavyomchosha anayeteka maji.

Tena kuna wakubwa wanaojua kuliita tumbo lao «raia». Tukumbuke tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Rais Mobutu alitangaza ya kuwa maduka, mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya wana wa inchi. Neno lilikuwa tamu, na wengi walifurahi. Lakini waliozipata kwa wingi walikuwa wakubwa wa chama na wa serikali, pamoja na watu wao. Wengine waliuza vitu vyote vilivyokuwa ndani ya duka, wakala feza, na hawakununua vingine. Duka likafungwa, na mwanakijiji akakosa chumvi na sabuni. Kisha miaka michache serikali yenyewe ilianza kuwarudishia wenye mali wa zamani. Raia aliyetajwa katika hotuba hakupata kitu, ila alilipa hasara.

Katika siku za karibu tumeona jambo jingine. Mwezi wa tisa mwaka 2020 ilianza kodi ya telefone iliyoitwa RAM. Mwenye telefone ndogo alitakiwa dola 1 kwa mwaka, na mwenye telefone kubwa dola 7. Haikuombwa. Ilikatwa yenyewe ndani ya unite ambazo mtu amekwisha kuzinunua. Mama anaweka unite ili amwite mtoto wake aliye mbali, na kabla hajasema neno, unite zimepungua. Watu walinung'unika kila mahali, vyama vya raia viliandika na kusema, na mwaka 2021 wabunge walimwita waziri awaeleze. Mwanzo wa mwaka 2022 kodi ile iliondolewa.

Tunaitaja habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, inaonyesha ginsi mkono unavyopenda mfuko wa mdogo, kwa maana wadogo ni wengi na hawana wakili. Ya pili, inaonyesha ya kuwa sauti ya mchana ina nguvu. Kodi ile haikuondolewa na watu waliojificha porini. Iliondolewa na watu waliouliza waziwazi: feza hizi ni za nani, na zinafanya kazi gani?

Sasa turudi kwa ulizo la mama. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya Mungu, anafundisha namna ya kuipima sheria. Tunalisema fundisho lake kwa maneno yetu. Kwanza, aliyeiweka ana mamlaka ya kuiweka? Pili, ameiweka kwa faida ya watu wote, ao kwa tamaa yake na sifa yake? Tatu, mzigo umegawanywa kwa haki, ao mdogo anabeba kuliko mkubwa? Sheria inayoanguka katika vipimo hivi haimfungi mtu katika zamiri yake. Lakini Thomas anaongeza neno: pengine mtu mwema atakubali hata hasara, ili asilete fujo wala kikwazo kwa wengine.

Tuzipime karatasi za mama. Ya soko ina muhuri, na imewekwa na wenye mamlaka. Soko lina paa na mlinzi, hata kama paa linavuja. Hiyo ni deni la kweli, ailipe. Ya chifu, ya barabara na ya usafi, aulize: sheria yake ni ipi, na kazi yake iko wapi? Katiba, kifungu cha 174, inasema ya kuwa kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Kuuliza si uasi, ni haki yake. Ile ya tano isiyo na muhuri, na ile ya sita isiyo na karatasi, hizo si kodi hata kidogo. Ni unyang'anyi uliovaa kofia. Mtu akimkimbia mnyang'anyi, hana zambi.

Basi njia ya porini? Mama, si zambi kumkimbia mnyang'anyi. Lakini yule wa barieri yuko pamoja na mtoza kodi wa kweli pahali pamoja, na ukikimbia usiku unawakimbia wote wawili. Tena usiku una hatari zake, nawe una watoto. Na kesho kamba itafungwa porini pia. Anayepita usiku anaokoa gunia lake la leo, lakini anaiacha barieri mahali pake. Kwa hiyo tunasema: pita mchana, usipite peke yako, na udai karatasi.

Yohane Mbatizaji alipofikiwa na watoza kodi pale mtoni, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa. Neno hilo tungependa lisomwe penye kila barieri ya Kongo, na penye milango ya wakubwa waliowatuma vijana wa barieri.

Lakini tusiwaandike wakubwa peke yao. Tujitazame na sisi.

Siku za uchaguzi, mtu akija na mipango mikononi, tunapiga miayo. Akija na chumvi, vitenge na mabati, tunaimba. Kisha anapoketi, tunashangaa anapotafuta feza yake irudi. Tulimwuzia kiti, naye anakula bei yake. Tena ndugu yetu akipata cheo, hatumwulizi atafanya kazi gani. Tunasema: «Mtoto wetu amefika, sasa tutakula.» Asipotuletea kitu, tunamwita mchoyo. Mtu mwaminifu akirudi kijijini na motokari moja tu, wenzake wanamcheka. Basi nani anayewafundisha wizi?

Na sisi wa Kanisa tusinawe mikono. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa waalimu ipasavyo, ni wazazi waliozibeba shule, hata shule zetu za Kikatoliki. Kazi ile iliziokoa shule, hatuikatai. Lakini mahali pengine tuliongeza karatasi juu ya karatasi, na watoto wa maskini walirudishwa nyumbani mbele ya macho yetu. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kutimiza neno la katiba la shule ya msingi bila malipo, wazazi wengi walilia kwa furaha, ingawa madarasa yalijaa kupita kiasi. Kilio kile kilikuwa pia hukumu juu yetu. Tena ni alama ya kuwa kodi ikirudi kama mvua, raia anaitambua mara moja.

Basi tufanye nini? Tunaomba mambo matatu madogo, yasiyohitaji bunduki wala hotuba.

Kwanza, kila mtu anayelipa adai karatasi yenye muhuri na jina la ofisi, naye aitunze. Kikundi kimoja cha jumuiya ya kikristu kikiweka pamoja karatasi zake za mwezi mmoja, kitaweza kumwonyesha mbunge hesabu asiyoweza kuikana.

Pili, anayekuja kuomba kura aulizwe mambo mawili mbele ya watu. Atatangaza mali yake? Katiba, kifungu cha 99, inawadai Rais na mawaziri waandike mali yao wanapoingia na wanapotoka. Tena, atapunguza viti ao ataviongeza? Anayeahidi ofisi mpya aseme ni nani atakayeilipa.

Tatu, tuanze nyumbani. Hesabu ya sadaka ya parokia, ya shule, na ya kila chama ibandikwe mlangoni, mapato upande mmoja, matumizi upande mwingine. Hatuwezi kuidai serikali mwanga, nasi tunahesabu gizani.

Tulipokwisha kuyaandika haya, tulimwita yule mama tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akazifunga karatasi zake tena ndani ya kitenge. Kisha akasema: «Ni vizuri, Mwalimu. Siku ya soko ni Alhamisi. Nitapita mchana, nami nitadai karatasi. Ninyi mtakuwa pamoja nami penye kamba?»

Tulinyamaza kidogo, kwa maana ni rahisi kuandika kuliko kusimama. Kisha tulimjibu ndiyo. Alhamisi tutakuwa pale, na msomaji aliye karibu aje pia.